Nywele za Dawa: Maswali Yanayoulizwa Sana Kuhusu Kuzitunza Kati ya Ritachi Moja na Nyingine

Hapa Uganda wasichana wengi hunyolewa tangu chekechea hadi Senior Six, kwa sababu ndivyo shule nyingi zinavyotaka. Mtihani wa mwisho ukiisha, likizo ndefu ya kungoja chuo inaanza, nywele zinaota vidole viwili, na safari ya kwanza ni saluni kutia dawa ya kunyoosha nywele. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mtu hajawahi kutunza nywele ndefu maishani mwake, halafu anaanza na aina inayotaka matunzo kuliko zote. Maswali haya nayasikia kila wiki kwenye kiti cha saluni, Kampala, kwa Kiswahili cha Bombo, cha Mombasa na cha Bukavu. Majibu ni yale yale.

Dawa inafanya nini hasa kwenye unywele?

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za keratini zimeshikana kwa vifungo vya salfa. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoufanya ujikunje, na dawa huingia ndani kuvivunja. Ili ipite, lazima iwe kali: dawa nyingi za saluni zina pH ya 12 hadi 14, wakati unywele wenyewe hutulia kati ya 4.5 na 5.5. Kifungo kilichovunjwa hivyo hakirudi tena. Kwa hiyo unywele wako ulionyooka ni unywele uliopunguziwa nguvu ili ulale. Hilo halina ubaya, mradi ulijue na uushike kwa mkono mwepesi.

Dawa ya kopo kubwa la saluni kwa kawaida ina soda kali, ndugu wa ile wanayopikia sabuni. Ile ya boksi, yenye krimu na kichupa cha kuchanganya, kwa kawaida ina kalsiamu. Ya boksi haiwashi sana kichwani, lakini huacha chembe za kalsiamu kwenye nywele, zikawa kavu na zisizong'aa. Muulize msusi wako amekutia ipi, kwani jibu hilo utalihitaji huko mbele.

Nikilowa mvua, dawa itatoka?

Haitoki. Anayelowa mvua nywele zikarudi kujikunja ni yule aliyepiga pasi au kitana cha moto, kwa sababu moto hulegeza vifungo vya muda tu, vile ambavyo maji huvirudisha. Unachokiona wewe baada ya mvua ya Aprili ni nywele mpya za shinani zinavimba. Zile ndefu zimenyooka vile vile. Wengi wanaona huo uvimbe na kukimbilia ritachi, yaani kutia dawa kwenye nywele mpya za shinani. Subiri zikauke kwanza.

Nikae muda gani kabla ya ritachi?

Wiki 10 ukiwa na haraka, 12 ni vizuri, 14 ukiweza kuvumilia. Watu hubishana nami hapa kuliko mahali popote, kwa hiyo naeleza kwa urefu.

Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, na zetu za kipilipili mara nyingi hupungua kidogo hapo. Ukija baada ya wiki sita, una kama sentimita moja na kidogo ya nywele mpya. Hakuna msusi, hata awe na mkono wa fundi saa, atakayepaka krimu kwenye kipande kidogo hivyo bila kugusa nywele ambazo tayari zina dawa. Krimu inatambaa. Kila inapogusa sehemu iliyokwisha kunyooka, inavunja tena vifungo vichache vilivyobaki. Fanya hivyo mara tano kwa mwaka na kipande kile kinakuwa uzi mbovu. Ukisubiri wiki 12, kuna mahali pa kupaka.

Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza baada ya S.6, nilikuwa natia kila mwezi kwa sababu sikutaka kuona hata wimbi moja. Kufikia Krismasi nilikuwa natembea na kitambaa kwenye komo. Mapanja yalichukua karibu miaka miwili kurudi, na la kushoto mpaka leo si kama la kulia.

Mbona zinakatikia mahali pale pale, karibu na kichwa?

Pale nywele mpya ngumu inapokutana na ya zamani laini pana mstari, na mstari huo ndio udhaifu wote wa nywele za dawa. Chukua kamba ya katani uiunge na uzi wa kushonea, kisha uvute: itakatikia penye kiungo. Kadiri wiki zinavyosonga ndivyo tofauti inavyokua, kwa hiyo wiki ya tisa hadi ritachi ndizo za hatari. Usichane kuanzia shinani. Anza nchani, panda pole pole, kwa kitana cha meno mapana, nywele zikiwa na unyevu na kondishena. Fundo ulifungue kwa vidole. Kitana kidogo cha mkia kiache kwa kazi ya kugawa mistari.

Na usizibane kila siku mahali pamoja. Mkia wa farasi uliokazwa kwa raba wiki nzima hukata mstari huo kama kisu. Leo funga chini kisogoni, kesho ziachie.

Nioshe mara ngapi?

Mara moja kwa wiki, au kila siku kumi. Ile imani kwamba nywele chafu hukua haraka ni ya vijiweni. Vumbi jekundu la barabara za murram, jasho na grisi ya wiki tatu vikikaa pamoja huleta mba na mwasho, ukijikuna unachubuka, na dawa itakapokuja itakuta vidonda.

Saa moja kabla ya kuosha, paka mafuta ya nazi kwenye nywele, hasa nchani. Mafuta haya huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea kwenye maji. Shampuu ipake kwenye ngozi ya kichwa, povu linaloteremka linatosha kwa zile ndefu. Kisha kondishena, dakika tano, suuza. Taulo usilisugue, gandamiza tu, au tumia fulana kuukuu ya pamba.

Ile shampuu ya kukata dawa, ambayo povu lake hugeuka la waridi likikuta mabaki, ni ya siku ya dawa. Siku hiyo mwambie msusi arudie mpaka povu liwe jeupe kabisa, hata kama foleni ni ndefu na anakukazia macho.

Maji ya kisima yana tatizo?

Yanaweza kuwa nalo. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria na hayana shida kubwa. Ya kisima kirefu mara nyingi yana madini zaidi. Angalia birika lako: likiwa na ukoko mweupe ndani, na sabuni ikigoma kutoa povu, maji hayo yanaacha madini kichwani pia. Aliyetiwa dawa ya boksi anapata hasara mara mbili, maana ana kalsiamu tayari. Tumia shampuu ya kuondoa madini mara moja kwa mwezi, au kinga maji ya mvua kwa suuza ya mwisho. Mabati ya Uganda hayakosi mvua.

Nafunga hijabu na natia udhu mara tano. Nywele zangu zitapona?

Kupangusa kichwa kwa mkono uliolowa hakudhuru chochote. Kinachodhuru ni kufunika nywele mbichi. Baada ya kuoga josho, watu hufunga kitambaa hapo hapo na kukimbilia kazini, na kichwa kinabaki na joto na unyevu mpaka jioni. Mba na ukungu wa ngozi hupenda hali hiyo. Kama lazima utoke, kausha kwanza shinani kwa draya ya upepo baridi. Chini ya hijabu ya pamba vaa kikofia cha satini, na pini usiichome mahali pale pale kila siku. Pamba hunyonya mafuta na kukwaruza, satini huteleza.

Na usiku?

Satini hiyo hiyo. Boneti zilizoshonwa tayari raba yake huwa inakaza komo na kula mapanja. Afadhali ununue robo mita ya satini Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa ya Kampala, fundi akupigie pindo, ufunge kama kilemba.

Napanda boda kila siku.

Basi una adui wawili: upepo na kofia ngumu. Kofia uivae, nywele zitaota lakini fuvu halioti. Ila usiivae kwenye nywele tupu. Kofia ya abiria imevaliwa na watu kumi kabla yako, ina jasho lao, na mkanda na kingo zake husugua mapanja. Funga kitambaa cha satini kwanza, kivue ukifika. Kitambaa hicho kifue kila wiki, maana kinabeba yote hayo.

Nipake protini au nitafute unyevu?

Shika unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu. Ukirefuka kama mpira na usirudi, au ukahisi kama ute, umekosa protini. Usiporefuka hata kidogo, ukakatika "tap", umekauka: unataka unyevu. Ukirefuka kidogo na kurudi, uache na maisha yake.

Protini ya saluni ipake wiki moja au mbili kabla ya ritachi, na tena wiki mbili baadaye. Kila wiki ni nyingi mno. Protini ikizidi, nywele huwa ngumu na kukatika kama vijiti vya ufagio. Unyevu ni kila wiki: kondishena nzito, kofia ya plastiki, stimu dakika 20. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiwa imeisha, chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue, lifunge juu ya plastiki. Kazi ni ile ile.

Yai na mayonezi? Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Inakaa juu, na ukisuuza kwa maji ya moto inaiva kichwani. Nimewahi kuokota mayai ya kukaanga kwenye nywele za mteja. Yai liweke kwenye rolex, ile chapati ya mayai, ule. Protini ya kuotesha nywele hupitia tumboni. Ovakado nayo ina mafuta mazuri, lakini kutoa vipande vyake kwenye nywele za dawa ni kazi ya kukata tamaa.

Mafuta gani yanafaa?

Kwanza elewa kwamba mafuta hayaleti unyevu. Yanafunga unyevu uliopo. Ukipaka grisi juu ya nywele kavu umefungia ukavu ndani. Nyunyiza maji kidogo yaliyochanganywa na kondishena, kisha mafuta kiduchu juu yake, hasa nchani.

Kwetu hapa tuna bahati ya siagi ya shea ya kaskazini, ile ambayo akina mama wa Lango na Acholi huiita moo yaa. Mti wetu wa shea ni wa jamii ya nilotika, na siagi yake ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, inayeyuka kiganjani yenyewe. Harufu yake ya moshi inawashinda wengine. Mimi naipenda. Mafuta ya mnyonyo ni mazito, yatumie kwenye ncha na mapanja. Kuotesha nywele mahali palipokufa hayawezi, hata muuzaji akiapa.

Pasi na draya?

Mtu ametia dawa ili zinyooke, kisha anazipiga pasi kila asubuhi. Sielewi. Weka rola baada ya kuosha, kaa chini ya draya kwa joto la wastani, utapata mng'ao bila kuunguza. Pasi ukiitaka kwa ajili ya harusi au kwanjula (sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa), iwe mara moja, isizidi nyuzi 180, na nywele ziwe kavu kabisa. Pasi ikigusa unywele wenye maji, maji huchemka ndani yake na kutengeneza mapovu. Ule mlio wa "chiii" ndio huo. Hapo hakuna dawa isipokuwa mkasi.

Naweza kusuka au kuvaa wigi nikisubiri ritachi?

Unaweza, na ndiyo njia rahisi ya kufikia wiki 12. Lakini baada ya dawa subiri angalau wiki mbili ndipo usuke. Nyuzi nyembamba nyembamba kwenye nywele za dawa ni hatari, uzito wa rasta unavuta ule mstari niliousema. Chagua twende kilioni za wastani au mabutu makubwa, zikae wiki sita, nane mwisho.

Ukiona vipele vidogo kwenye komo, au unahitaji Panadol ili ulale, msuko umekazwa kupita kiasi. Fumua siku hiyo hiyo. Najua umelipa. Mapanja yanayovutwa miaka nenda rudi hufika mahali yasiote tena, na hilo ndilo linalofanya wanawake wengi wa rika la mama zangu wasifungue kilemba mbele za watu.

Ukishafumua, usiketi kwenye kiti cha dawa jioni hiyo. Ngozi imechubuliwa na kitana. Osha, paka kondishena, subiri wiki moja au mbili.

Nina kalikiti. Naweza kutia dawa juu yake?

Hapana kabisa. Kalikiti, ile dawa ya kufanya nywele ziwe na mawimbi, hutumia kemikali ya aina nyingine, thioglaikoleti, isiyopatana na soda kali wala kalsiamu. Zikikutana kwenye unywele mmoja, unywele huyeyuka au hukatika papo hapo. Kalikiti yote inapaswa ikue na ikatwe kwanza. Usimfiche msusi historia ya kichwa chako ili akupokee.

Rangi na hina?

Rangi ya kudumu subiri wiki mbili baada ya dawa. Bliichi ya kufanya nywele za dhahabu juu ya dawa siiwekei mtu yeyote. Hina halisi, ile ya majani matupu, haina ugomvi na nywele. Inakausha kidogo tu. Hina nyeusi ya kichupa ndiyo ya kuogopa, kwa sababu mara nyingi huwa na rangi ya kemikali inayounguza ngozi za watu wengine vibaya sana.

Nitajuaje kama zinakatika au zinanyonyoka tu?

Okota unywele mmoja kutoka kwenye kitana. Ukiwa na kidoa cheupe upande mmoja, umenyonyoka na mzizi wake. Kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na mwingine unakuja. Ukiwa kipande kifupi kisicho na kidoa, umekatika, na tatizo ni matunzo. Mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita akiona nywele zinatoka mafungu mafungu asilaumu dawa. Ni homoni zinarudi mahali pake, na kwa kawaida hukoma zenyewe.

Kipara kinachoanzia katikati ya utosi na kupanuka, hasa kikiwasha au kuuma, kipeleke kwa daktari wa ngozi. Msusi hana la kufanya hapo, na kila mwezi unaopita unaacha kovu.

Dawa imeniunguza. Nifanye nini?

Ikianza kuchoma ukiwa kitini, sema "Dada, inaniunguza" hapo hapo. Uvumilivu hauongezi unyoofu. Isuuzwe kwa maji mengi ya uvuguvugu. Kidonda kikishakuwepo, kiache kikauke, usibandue gamba, usisuke juu yake. Kikitoa usaha au tezi za shingo zikivimba, nenda kituo cha afya. Hakuna dawa nyingine mpaka ngozi ipone kabisa. Na siku mbili tatu kabla ya ritachi ijayo usioshe wala kujikuna, kisha ngozi na masikio vipakwe mafuta ya mgando kabla krimu haijagusa.

Ni kweli zinaleta saratani?

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliokuwa wametumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Kwa hesabu zao, hatari ya kuipata kufikia miaka 70 ilikuwa asilimia 1.64 kwa wasiotumia na 4.05 kwa hao watumiaji wa mara kwa mara. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano. Hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Lakini hesabu wiki: anayetia kila wiki sita anatia mara nane au tisa kwa mwaka. Anayesubiri wiki 14 anatia mara tatu au nne. Sababu nyingine ya kunisikiliza pale juu.

Mimi ni mjamzito.

Zungumza na mkunga wako kliniki. Mimi wateja wangu wajawazito nawasuka tu, miezi tisa si mingi.

Binti yangu ana miaka sita, analia nikimchana. Nimtie?

Usimtie. Ngozi yake ni laini na hawezi kukueleza vizuri inapomchoma. Lowesha, paka kondishena, chana kuanzia nchani, msuke matuta manne. Analia kwa sababu unachana kavu.

Nimechoka na dawa. Lazima ninyoe?

Si lazima, ingawa kunyoa ndiyo njia fupi, na kwa aliyesoma shule zetu si jambo geni. Ukitaka kubaki na urefu, acha ritachi, suka misuko laini, na kila baada ya wiki nane kata sentimita mbili tatu za nchani. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi utakuwa umeimaliza dawa yote. Ule mstari utakusumbua zaidi kipindi hicho, kwa hiyo kuanzia mwezi wa sita chana kwa vidole tu, ndani ya kondishena.